Kufanya kazi juu bila kuanguka: mwongozo kwa fundi anayeanza na kwa mwenye nyumba

Maswali ni yale yale, hasa kutoka kwa vijana wanaoanza kazi ya kupaua, kupaka rangi, kufunga gata na kupandisha matenki ya maji hapa Arusha na Moshi. "Nyumba ni ya chini tu, kweli nahitaji mkanda?" "Kamba nifunge wapi?" "Ngazi ya mbao inafaa?" Wenye nyumba nao wanauliza wafanye nini fundi anapokataa kujifunga. Nayajibu yote hapa, kwa mpangilio ambao kazi yenyewe inakwenda, ili usome leo na kesho asubuhi ukiwa saiti ujue pa kuanzia.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine: kuanguka kunazuiwa ukiwa bado chini. Ukishakuwa juu ya papi, zile mbao za paa zinazopigiliwa bati, na bati mkononi, muda wa kupanga umekwisha. Mtu akidondoka kutoka mita 2 anagonga ardhi kabla sekunde moja haijatimia, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Hakuna mkono unaowahi kushika kitu. Kila hatua utakayoiona hapa imewekwa ili kazi ya kukuokoa isiachiwe mikono yako.

Na urefu gani unahesabika? Kanuni za ujenzi za Marekani zinaanza kudai kinga kwenye mita 1.8. Kanuni za Uingereza za mwaka 2005 hazitaji kipimo: ukiweza kuumia ukianguka, hapo ni juu. Mimi nafuata hiyo ya pili, kwa sababu nimeshaona mtu akivunjika nyonga kwa kudondoka kwenye stuli akipigilia silingi bodi. Shimo la maji taka nalo ni urefu, ingawa wewe umesimama chini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ngazi nzima, inayozidi pale unapopandia kwa mita 1.
- Mirunda au mabomba ya jukwaa, mbao nene za kukanyagia, misumari mipya na waya wa kufungia.
- Hanesi, yaani mkanda wa mwili mzima unaopita mabegani, kifuani na kwenye mapaja. Mkanda wa kiunoni peke yake usikutegemeze: ukidondoka nao unaweza kukuvunja mgongo au kukubana tumbo, na unaweza kuchomoka kichwa chini.
- Kamba ya kuunganisha hanesi na pale ulipofunga, yenye kulabu za loki. Kwa kazi ya ghorofani iwe na kifyonza mshtuko, kile kifuko kinene kilichoshonwa kwenye kamba.
- Kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni. Isiyo na mkanda huo inatangulia kuruka kabla wewe hujafika chini.
- Viatu vilivyofunga mguu, soli ya mpira. Kandambili na yeboyebo ziache chini.
- Mfuko wa kiunoni wa nyundo na misumari, pamoja na ndoo na kamba ya kuvutia vitu.
- Magunia mawili matatu makavu. Nitaeleza kazi yake.
- Simu yenye chaji, na mtu wa pili anayejua kuitumia.

Huyo mtu wa pili ni kifaa kama vingine. Usipande peke yako kwenye nyumba isiyo na mtu, hata kama ni kubadilisha bati moja tu kule Ngaramtoni na mwenye nyumba amekuachia ufunguo.

Gharama ya vifaa iingie kwenye makadirio ya kazi tangu mwanzo. Fundi anayejua kazi yake anaandika jukwaa kwenye karatasi kama anavyoandika mbao na misumari. Kama umeajiriwa na mkandarasi, vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003. Usikubali ukatwe posho kwa ajili ya hanesi.

Hatua ya 1: Punguza kazi ya juu

Kabla hujatafuta ngazi, jiulize ni nini kinaweza kufanyika ardhini. Fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, ipakwe rangi kabla ya kupigiliwa. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, ziungwe chini, zipandishwe zikiwa tayari. Bati zipimwe na zikatwe chini. Ukuta wa nyumba ya chini unapakwa kwa rola yenye mpini mrefu, na silingi vilevile. Kila saa unayoondoa juu ni saa ambayo huwezi kuanguka, na kazi inatoka nzuri zaidi kwa sababu unaifanya umesimama vizuri.

Hatua ya 2: Izunguke nyumba, uangalie

Zunguka mara moja nzima bila kubeba chochote. Tazama juu kwanza: nyaya za umeme zinapita wapi? Bati la mita 3 likiwa begani mwako linafika mbali kuliko unavyodhani, na ngazi ya alumini inapitisha umeme. Wewe, ngazi na bati mkae angalau mita 3 mbali na waya wowote. Kama nafasi haitoshi, nenda ofisi ya TANESCO iliyo karibu uombe umeme ukatwe kwenye laini hiyo kwa muda wa kazi. Usianze kwa matumaini kwamba "tutakuwa waangalifu".

Kisha tazama ardhi. Udongo mwekundu wa Moshono au wa Kibosho ukilowa unakuwa utelezi mtupu, na ngazi iliyosimama imara saa tatu asubuhi inakuwa imezama upande mmoja mchana. Angalia mashimo, nondo zilizochomoza, na mahali watoto wanapopita.

Mwisho, tazama hali ya hewa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usipange kazi ya paa bila siku za akiba. Lakini Juni na Julai nazo zina hatari yake ambayo wageni wa kazi hawaijui: asubuhi ya baridi bati linakuwa na umande, halionekani kuwa limelowa, na mguu wa kwanza tu unakwenda. Subiri jua lipige, au futa kwa kitambaa kikavu na ujaribu kwa kiganja. Upepo ukianza kukunyang'anya bati mkononi, shuka. Bati kwenye upepo linamvuta mtu kama tanga.

Hatua ya 3: Funika mashimo yote

Nafasi ya ngazi kwenye slabu, shimo la choo, tundu la mabomba. Funika kwa mbao nene au plaiwudi inayobeba mtu mzima, pigilia isihame, kisha andika kwa rangi: SHIMO CHINI.

Usiruke hilo la maandishi. Ajali inatokea hivi: kibarua anatumwa kutoa plaiwudi iliyolala sakafuni. Anaishika kwa mikono miwili, anainyanyua mbele ya uso wake, anapiga hatua moja mbele. Plaiwudi inamzuia kuona kwamba alichokuwa anakifunika ndicho anachokanyaga sasa. Neno moja la rangi nyekundu lingemsimamisha.

Hatua ya 4: Simamisha ngazi

Ikague kwanza. Ya mbao: gonga kila kipandio kwa nyundo, sikiliza mlio mfu wa mbao iliyooza, tazama misumari iliyolegea na nyufa kwenye miti ya pembeni. Ngazi ya mbao isipakwe rangi, kwa sababu rangi inaficha ufa. Ya alumini: tazama mipindo na mipira ya miguuni. Kipandio kilichoondoka hakibadilishwi na kipande cha banzi kilichopigwa msumari mmoja.

Sasa mwinamo. Kipimo ni 4 kwa 1: kwa kila mita 4 za kwenda juu, miguu ya ngazi itoke ukutani mita 1. Huna futi mkononi? Simama wima, vidole vya miguu vikigusa miguu ya ngazi, nyoosha mikono mbele usawa wa mabega. Viganja vikifika kwenye kipandio bila kuinama, mwinamo uko sawa. Ikisimama wima mno utaanguka kinyumenyume. Ikilala mno miguu itateleza.

Miguu ikae juu ya kitu kigumu na tambarare. Pakiwa na mteremko, chimba upande wa juu, usiinue upande wa chini kwa matofali. Kwenye sakafu laini ya vigae, weka mpira au gunia na mtu ashike.

Juu, ngazi izidi ukingo wa paa kwa mita 1, ili unapotoka na kuingia uwe na pa kushika. Ifunge pande zote mbili kwenye kitu imara. Gata si kitu imara, na fisha bodi ya msumari mmoja pia si kitu imara. Mpaka uifunge, mtu wa pili ashike chini kwa mikono yote miwili, mguu mmoja kwenye kipandio cha kwanza, macho juu. Mtu anayeshika ngazi huku anachati hajashika ngazi.

Ukipanda, viungo vitatu viguse ngazi wakati wote: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Maana yake mikono haibebi kitu. Nyundo ipande kiunoni, rangi ipande kwa kamba. Na kitovu chako kisitoke nje ya miti ya pembeni. Ukitamani kujinyoosha ufikie pale kidogo tu, shuka uhamishe ngazi. Najua inachosha. Fanya hivyo hivyo.

Ngazi ni ya kupandia na ya kazi fupi. Kazi inayochukua zaidi ya nusu saa sehemu moja, au inayotaka mikono miwili, ni kazi ya jukwaa.

Hatua ya 5: Jenga jukwaa linalokaa

Kwetu majukwaa mengi ni ya mirunda, na jukwaa la mirunda linaweza kuwa salama likijengwa na mtu anayelijua. Kinacholiangusha ni haraka. Fuata haya:

Chagua mirunda iliyonyooka, iliyokauka, isiyo na ufa wala dalili ya wadudu. Ondoa mirunda iliyotumika saiti nyingi kama misumari imeitoboa ovyo. Kila mguu ukae juu ya kipande cha mbao pana, au uzikwe na kushindiliwa, usisimame kwenye udongo mtupu. Weka miguu karibu, mita 1.5 hadi 2, karibu zaidi kama utapandisha matofali. Piga mirunda ya mshazari kuanzia chini hadi juu. Jukwaa lisilo na mshazari linayumba, na linaloyumba litalala. Lifunge kwenye jengo kupitia madirishani, si kwa kuliegemeza tu.

Mbao za kukanyagia zifike angalau tatu kwa upana, zibanane, zisiache nafasi ya mguu kupita. Hapa kuna kosa linaloangusha watu kuliko uchakavu: ubao unaopita mhimili wa mwisho kwa urefu mkubwa. Fundi anarudi nyuma kutazama kazi yake, anakanyaga ile ncha inayoning'inia, ubao unainuka upande wa pili na kumtupa. Kwa ubao wa inchi 2, ncha ipite mhimili kwa sentimita 5 hadi 20, basi. Pungufu ya hapo itachomoka, zaidi ya hapo itainuka. Pigilia au funga.

Kisha reli. Moja usawa wa kiuno, kama mita 1 kutoka unapokanyaga, nyingine katikati, na ubao wa sentimita 15 chini kuzuia nyundo na tofali visidondokee walioko chini. Majukwaa mengi ninayoyaona Njiro na Majengo hayana reli kabisa, na ukiuliza unaambiwa mbao zimeisha. Mbao za reli zinunuliwe kabla ya zile za kazi. Reli inamlinda kila aliyeko juu, aliyevaa hanesi na asiyevaa, aliyelala vizuri na aliyechoka.

Likague kila asubuhi, na tena baada ya mvua au upepo mkali.

Hatua ya 6: Chagua pa kufunga kamba

Hapa ndipo panapoulizwa zaidi, na ndipo panapokosewa zaidi. Kijana amevaa hanesi nzuri, kulabu ameipachika kwenye papi ya mbili kwa mbili. Akidondoka, papi inang'oka na kumfuata chini.

Pale unapofunga panatakiwa pabebe tani moja na zaidi, kwa sababu mtu wa kilo 70 akikamatwa ghafla katikati ya kuanguka anavuta kwa nguvu inayozidi uzito wake mara nyingi. Papi, gata, bomba la maji, reli ya veranda na fremu ya dirisha vyote vikae nje ya hesabu. Vinavyofaa: nguzo ya zege iliyokwisha kukomaa, boriti ya chuma, kenchi nzito iliyofungwa vizuri kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya kuta), ikizungushiwa mkanda mpana kwenye maungio. Kwa nyumba ya chini njia rahisi ni kurusha kamba juu ya paa na kuifunga upande wa pili kwenye shina la mti mkubwa au nguzo ya zege. Usifunge kwenye gari. Mtu mwingine atakuja na ufunguo.

Kamba inapopita juu ya kofia ya paa, yaani kileleni, au ukingo wa bati, hapo ndipo gunia linafanya kazi. Ukingo wa bati la geji 30 ni wembe. Kunja gunia mara nne uweke chini ya kamba na ulifunge lisihame, au pasua kipande cha mpira wa kumwagilia uivishe kamba. Na iwe kamba iliyotengenezwa kwa kazi ya kupandia, si kamba ya manila ya kufungia mizigo iliyokaa juani miaka miwili.

Sasa hesabu ambayo wengi hawajawahi kuonyeshwa. Ukiwa na kamba ya mita 2 yenye kifyonza mshtuko, ukidondoka: kamba yenyewe mita 2, kifyonza kinafunguka hadi karibu mita 1.75, mwili wako kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo mita 1.5, na ziada ya mita 1. Jumla mita 6.25 kutoka pale ulipofunga hadi chini. Nyumba ya kawaida ya chini, hata ukifunga kwenye kofia ya paa, haifiki hapo. Yaani utagonga ardhi ukiwa umevaa hanesi, umefunga vizuri, na kifyonza hakijamaliza kufunguka.

Kwa hiyo kwenye nyumba ya chini usitumie kamba ya kukukamata ukianguka. Tumia kamba fupi inayokuzuia kufika ukingoni. Pima kutoka ulipofunga hadi ukingo wa paa, kisha funga kamba uishie nusu mita kabla. Ukitembea, inakuvuta mgongoni kabla mguu haujafika. Na angalia pembe: kamba inayotosha kukufikisha kwenye kona ya paa ni ndefu kuliko inavyohitajika katikati, kwa hiyo ukirudi katikati inakuruhusu kupita ukingo. Usirefushe kamba ili ufike konani. Hamisha pale ulipofunga. Kazi ya ukingoni kabisa, kama gata na fisha bodi, ifanyike kutoka kwenye jukwaa.

Hatua ya 7: Kagua hanesi, vaa

Shika mkanda wa hanesi kwa mikono miwili, ukunje uwe kama herufi U iliyogeuzwa, utembeze vidole vyako kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkunjo unafungua nyuzi, na mkato mdogo ambao haukuonekana unafunuka. Tazama mishono, hasa karibu na pete. Tafuta sehemu iliyokakamaa, iliyobadilika rangi kwa jua, iliyomwagikiwa rangi, tindikali au kuungua cheche. Fungua na ufunge kila kulabu. Loki irudi yenyewe.

Kifyonza kikiwa kimeshaanza kufunguka, au hanesi ikiwa imewahi kumkamata mtu, ikate vipande uitupe. Usiigawe kwa kijana anayeanza. Hanesi ya mitumba isiyo na lebo inayosomeka usinunue, hata iwe bei ya soda.

Kuvaa: pete iwe mgongoni katikati ya mabega, mikanda ya mapaja ibane kiasi cha kiganja kilichonyooka kupita na ngumi isipite. Mwenzako akukague mgongoni, wewe umkague yeye.

Hatua ya 8: Panga jinsi ya kumshusha mtu, kabla hajapanda

Mtu aliyekamatwa na hanesi ananing'inia. Mikanda inabana mapaja, damu inakwama miguuni, na anaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache. Kwa hiyo jibuni swali hili mkiwa chini: akining'inia pale, tunamfikiaje sasa hivi? Ngazi ndefu iko wapi, nani anapanda, nani anapiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji? Kama jibu ni "tutaangalia", kazi haijawa tayari kuanza.

Hatua ya 9: Fanya kazi

Kwenye paa jipya, kanyaga juu ya papi, kwenye mstari wa misumari. Bati lililolazwa bila kupigiliwa usilikanyage kabisa. Linateleza pamoja na wewe. Bati zisirundikwe sehemu moja ya kenchi.

Paa kuukuu lina sheria yake. Bati za plastiki za kupitisha mwanga zinakauka kwa jua, na baada ya miaka zikipakwa rangi au kujaa vumbi hutazitofautisha na bati la kawaida. Shuka ndani uangalie juu: panapopitisha mwanga, weka alama. Paa za asbesto kwenye maghala na majengo ya zamani zinavunjika bila kutoa onyo, na vumbi lake linadhuru mapafu. Hizo zisikanyagwe hata kwenye misumari. Zinahitaji mbao pana za kutembelea, reli, na watu waliofundishwa kuziondoa.

Ukiwa darini, kanyaga mbao tu. Jipsamu haibebi mtu.

Kunywa chai na ule kabla ya kupanda. Njaa inatetemesha miguu. Aliyekunywa mbege au konyagi, hata jana usiku sana, apewe kazi ya chini leo, vivyo hivyo anayekunywa dawa zinazoleta usingizi. Hii siyo adhabu, na msimamizi aseme hivyo mbele ya wote ili mtu asione aibu kujitaja.

Makosa ninayoyaona kila saiti

Kutembea juu ya lenta kwa sababu kuzunguka kwa ngazi ni mbali. Kurushiana matofali na kudaka ukingoni. Kusimama kwenye ndoo juu ya jukwaa ili kufikia kidogo. Kuvaa hanesi asubuhi mbele ya mkaguzi na kutembea nayo siku nzima kulabu zikining'inia. Kuondoa reli ili kupitisha mzigo na kutoirudisha. Kumtuma saidia fundi wa siku ya kwanza apande kwa sababu ni mwepesi.

Lingine ni lile la jioni. Bati mbili zimebaki, giza linaingia, na mtu anafungua kamba ili amalize haraka. Ziache zilale, zitakuwepo kesho.

Mambo yakikwama

*Ngazi inaanza kuteleza nikiwa juu.* Usiruke. Kumbatia ngazi, uso kwenye vipandio, mwite mwenzako aweke uzito chini. Ikitulia, shuka polepole. Kisha tafuta sababu: karibu kila mara ni mwinamo au ardhi.

*Nimepata kizunguzungu juu ya paa.* Kaa pale pale, lala kwa tumbo ukiweza, tazama kitu kimoja kilicho karibu, sema kwa sauti. Mwenzako apande akusaidie. Siku hiyo usirudi juu.

*Hakuna pa kufunga panapobeba.* Basi kazi inataka jukwaa lenye reli pande zote. Hakuna njia ya tatu.

*Mwenye nyumba hataki kulipia jukwaa.* Mwonyeshe bei ya jukwaa peke yake kwenye karatasi, na mweleze kwamba mirunda na mbao zinabaki kuwa zake. Akikataa, kataa kazi. Najua maneno haya ni mazito kwa mwenye kodi ya kulipa mwisho wa mwezi. Ndiyo maana mafundi wa mtaa mmoja inafaa mkubaliane, ili akienda kwa mwingine asikie jibu lile lile.

*Mimi ni mwenye nyumba, fundi anakataa kujifunga.* Simamisha kazi. Iandike kwenye makubaliano tangu siku ya kwanza kwamba asiyejifunga hapandi. Kazi kubwa mpe mkandarasi aliyesajiliwa, na ukihitaji ushauri, OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapo Arusha.

*Mtu ananing'inia kwenye hanesi.* Piga simu, mfikie mara moja. Akiwa na fahamu mwambie achezeshe miguu, au mrushie kitanzi cha kamba akanyage ajiinue kupunguza mbano. Akishuka mlaze, mwangalie anapumua, mpelekeni hospitali hata akisema yuko sawa.

*Mtu ameanguka chini.* Usimnyanyue, usimkalishe, usimpe maji. Shingo na mgongo vinaweza kuwa vimevunjika, na kumpakia bodaboda kunaweza kumpoozesha. Mmoja apige magoti kichwani kwake, ashike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke, azungumze naye. Mwingine aite msaada na kusimama barabarani kuwaelekeza. Damu inayotoka kwa nguvu ikandamize kwa kitambaa safi. Asipopumua, anza kumkandamiza kifua na usiache mpaka msaada ufike. Mhamishe tu kama palipo na hatari kubwa zaidi, mfano waya wa umeme au ukuta unaotaka kudondoka, na hapo mnyanyueni watu wanne au zaidi kwa pamoja, juu ya ubao, mwili ukiwa umenyooka. Waya ukiwa umemgusa, asiguswe na mtu mpaka umeme ukatwe.

*Baada ya ajali.* Acheni eneo kama lilivyo, mpige picha, muandike majina ya walioona. Mwajiri atoe taarifa OSHA na kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Michango ya mfuko huo inalipwa na mwajiri peke yake, haikatwi kwenye mshahara, kwa hiyo ukiambiwa hukuchangia ndiyo maana hulipwi, usikubali. Peleka mwenyewe taarifa yako, pamoja na karatasi za hospitali.